Paji Tupu

Sina haja ya kuwaambia kwamba mimi ni mtu mwema. Nimekaa na kisasi miaka kumi na moja. Nimekilisha, nimekinywesha, nimekilaza upande wa ukutani kisije kikaanguka kitandani, na siku kilipoanza kutembea kwa miguu yake nilifurahi kama mzazi. Anayetaka hadithi ya kusameheana akaitafute kwa jirani.

Mimi ni muuguzi wa jeshi. Kabla hamjanihukumu, kuna jambo moja la kazi yetu lazima mlijue. Majeruhi akidungwa mofini ya kuua maumivu uwanjani, aliyemdunga anamwandika kwenye paji la uso kwa kalamu ya wino mzito: herufi M, na saa. Hatuandiki kwenye karatasi, karatasi hulowa damu. Hatuandiki mkononi, mkono unaweza kubaki nyuma. Anayempokea haulizi mtu, kwa sababu wa kuulizwa ama kazimia, ama kafa, ama bado anapiga risasi. Anasoma paji. Akikuta alama, anasubiri saa zipite. Akikuta paji tupu, anadunga. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tunavyofanya hata tukiwa usingizini.

Aliyenifundisha ni sajini mmoja mwanamke tuliyemwita Mama Pasi, kwa kuwa hata suruali yake ya kulalia ilikuwa na mstari. Nilikuwa na miaka ishirini. Wiki ya tatu mwenzetu mmoja alisahau kumwandika mdoli wa mazoezi. Mama Pasi hakumfokea. Alitupanga mstari, kuruta thelathini na wawili, akatuandika wote M na saa, akapiga marufuku kunawa uso kwa siku nne. Tulikula hivyo, tukapiga kwata hivyo, wapishi wakatucheka mpaka mmoja akajimwagia mchuzi. Tulipoanza kunung'unika alisema, "Mnaona aibu kuwa nayo? Ngojeni siku mtakayoona aibu ya kutoiandika. Ile haitoki kwa sabuni."

Nilikula kiapo moyoni kwamba sitasahau, na sijawahi kusahau hata mara moja. Ndiyo maana yaliyonipata yaliniuma mara mbili.

Sasa nimseme Kijiti. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa, na shangazi, dada wa baba, akaja akafunga nguo zangu kwenye kifurushi, akasema, "Twende, mtoto halelewi na kuta." Kuanzia siku hiyo mimi na Kijiti tulikula sahani moja na kugombania mto mmoja. Alikuwa mwembamba, na jina hilo alilivaa kwa fahari. Utani wetu wa mabinamu haukuwa na likizo: kijana akija kunisalimia mlangoni, Kijiti anatoka na shati wazi na kuuliza, "Unamtafuta mke wangu?" Kijana anaondoka na haonekani tena. Nilipojiunga na jeshi naye akanifuata mwaka uliofuata. Nilimuuliza kwa nini. "Nani atakubeba ukichoka?" akasema, yeye ambaye upepo ukivuma ilibidi ashikilie nguzo.

Siku ya kutuaga, shangazi alinishika kidevu mbele ya mwanawe. "Wewe ndiye mkubwa," alisema. "Na wewe ndiye mwenye dawa."

Tulipelekwa kikosi kimoja, mahali ambapo vumbi lilikuwa likiingia mpaka ndani ya dawa ya meno. Daktari wetu alikuwa meja. Mikono mizuri, sauti nzuri, viatu vizuri zaidi. Siku ile alikuwa ameondoka na msafara kwenda kukagua kituo cha mbele. Msafara ukavamiwa. Mimi nilikuwa hemani, nikapokea gari la kwanza mchana, saa nane na dakika chache.

Kijiti alikuwa kwenye machela ya juu. Mguu wa kushoto ulikuwa umesagika chini ya goti. Mwili wake ulikuwa baridi kama mtungi, maana damu nyingi ilikuwa imebaki barabarani. Alikuwa akigugumia kwa maumivu, lakini aliponiona alijaribu kucheka. "Mke wangu, umechelewa na chai," alisema. Nikamfuta vumbi usoni. Paji lilikuwa tupu. Nikamdunga mkononi, nikaandika M na 1420, nikamtundikia dripu, nikamfunika mablanketi mawili, nikaenda kwa mwingine. Meja, aliyerudi na gari lile lile, alikuwa pale pale nje, niliona shati lake. Dakika kumi baadaye alipanda helikopta na majeruhi wawili wa kwanza, na mkoba wake mgongoni.

Mofini ina tabia moja. Ukimdunga mtu aliyepoa kwa kupoteza damu, dawa inakaa kwenye nyama inangoja. Maumivu hayapungui, unadhani haijafanya kazi. Ukishampasha mwili joto na kumrudishia maji, dawa inaamka na kuingia yote kwa pamoja. Dozi moja ingemlaza tu. Kijiti alipopata joto alinyamaza, nikamshukuru Mungu. Kisha nikahesabu pumzi zake: kumi na mbili kwa dakika. Nane. Nne. Dawa ya kuitangua ilikuwa kwenye mkoba wa meja, na mkoba ulikuwa angani. Nilimpulizia hewa kwa mfuko wa mpira mpaka mikono ikafa ganzi, wenzangu wakanibandua kwake.

Nilimwosha mwenyewe. Mkononi kulikuwa na tundu langu. Kwenye paja la kulia kulikuwa na tundu jingine, na duara dogo la bluu kulizunguka.

Mbele ya bodi ya uchunguzi meja alikuwa mtulivu kuliko maji ya kisima. "Mimi sikumdunga," alisema. "Ningemdunga ningeandika. Paji lilikuwa tupu, muuguzi mwenyewe amekiri." Mnaona? Alichukua kanuni ile ile niliyoiamini, akajifunika nayo kichwa mpaka miguu. Mkoba wake, alisema, ulipotea safarini, hivyo sindano zake hazikuhesabika. Nikaambiwa nimedunga mara mbili kwa kuchanganyikiwa, kwa kuwa majeruhi alikuwa ndugu. Nikavuliwa cheo na kupelekwa stoo ya mashuka ya hospitali, kukunja na kuhesabu, miaka sita.

Stoo ningeivumilia. Lakini makaburini, watu wote wakiwa wamesimama, shangazi aliniona nikisogea kuweka mkono kwenye jeneza. Hakupaza sauti. "Usimguse mwanangu," alisema. "Nilikulea ili uje uniulie?" Nikarudisha mkono. Kuanzia siku hiyo hakunisemesha tena. Niliandika barua, zikarudi na gundi yake haijaguswa. Nilituma watu, wakarudi na macho chini. Nilikuwa na nyumba moja tu duniani, na mlango wake ulifungwa kwa uongo wa mtu mwenye viatu vizuri.

Mwaka wa nne wa stoo alikuja dereva mmoja kuchukua mablanketi. Alikuwa ndiye aliyeendesha gari lile la kwanza. Aliniona, akaweka mzigo chini, akakaa juu yake.

"Dada," alisema, "mimi siku ile nilimshikilia Kijiti mguu. Meja akamdunga pajani. Akatoa kalamu, ikadondoka chini ya kiti, risasi zikaanza tena, akaniambia ondoa gari. Basi."

"Basi?" nilimuuliza. "Miaka minne, na wewe unasema basi?"

"Nina watoto watano. Na meja ndiye anayeandika ripoti yangu ya kila mwaka."

"Utasema lini?"

"Nikistaafu. Naapa, nikistaafu nitasema popote utakaponiweka."

Nilimwandikia tarehe yake ya kustaafu kwenye ukuta wa stoo. Na niwaambie ukweli: kalamu kudondoka ningemsamehe. Mimi mwenyewe nimedondosha vitu vya thamani zaidi risasi zikilia. Angetua na helikopta ile akasema kwa redio maneno mawili tu, "Nilishamdunga mimi," Kijiti angekuwa hai, maana ningemwamsha, ningempiga makofi, ningemkalisha, nisingemfunika na kumwacha. Hakusema siku ile, hakusema kwenye bodi, na kila alipopanda cheo alikanyaga mgongo wangu kukifikia.

Baadaye jeshi lilipungukiwa wakufunzi. Mtu akakumbuka kwamba yule mwanamke wa mashuka alikuwa muuguzi hodari kabla ya "lile jambo". Nikarudishiwa cheo nusu, nikapewa kuruta. Mwaka wa tano nikiwa hapo, ikaja orodha ya wapya. Namba kumi na nne, msichana, miaka kumi na tisa. Nikasoma jina la baba yake mara tatu. Kisha nikaenda dirishani nikamtazama akishuka na begi lake. Macho yale yale ya meja, mwendo ule ule.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, nilijiambia, nikafunga kamba za buti.

Wiki sita za kwanza nilimtafutia mlango wa kutokea. Wenzake wakibeba machela mara tano, Kumi na Nne anabeba kumi. Wenzake wakifunga bendeji, nafungua yake na kusema, "Tena." Nilimsimamisha juani akishikilia chupa ya dripu juu ya kichwa mpaka mkono ukawa unatetemeka hadi bega, nikamwambia mgonjwa wake amekufa kwa sababu ya bega lake. Angelia mara moja tu ningemwandikia barua ya kwenda nyumbani. Hakulia. Kila jioni alisimama mbele yangu na kusema, "Asante, afande." Alisema kwa moyo, hakuna kejeli, na hilo lilinitia hasira zaidi.

Wiki ya saba tulifanya zoezi la moshi na kelele. Nikamkabidhi majeruhi wa mazoezi, kuruta mwenzake aliyepakwa rangi nyekundu, nikamfokea, "Mdunge! Unangoja nini? Mdunge!" Kumi na Nne aliangalia paji. Lilikuwa tupu. Kisha badala ya kudunga akamfungua suruali mwenzake wa watu, akakagua mapaja yote mawili, mikono, na mgongo.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Tumeambiwa mwili umepoa, afande. Aliyempa dozi ya kwanza anaweza kuwa amedondosha kalamu. Natafuta tundu."

Hakuna aliyemfundisha hilo. Mimi mwenyewe sikufanya hivyo siku ile, na kama ningefanya, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia. Nilikwenda nyuma ya bohari nikakaa. Mwingine angelainika moyo hapo. Mimi nilipata wazo. Nilikuwa nahangaika kuvunja kisu, kumbe nilipaswa kukinoa.

Kuanzia siku hiyo nilimnoa. Nilimfundisha yote niyajuayo, nikamkalisha mbele, nikamweka kuwa kiongozi wa kundi. Darasani niliwasomea kisa cha paji tupu, bila majina: daktari aliyedunga bila kuandika, muuguzi aliyeamini paji, askari aliyekufa, bodi iliyodanganywa. Kumi na Nne alikunja ngumi juu ya daftari. "Afande, huyo daktari alifanywa nini?"

"Unadhani alistahili nini?" nilimuuliza.

"Kuvuliwa nguo za jeshi mbele ya gwaride," alisema. Nikampa alama zote.

Siku ya kuhitimu, mgeni rasmi alikuwa baba yake. Sasa alikuwa brigedia, mkuu wa tiba wa jeshi zima, na nywele za mvi zilizochanwa vizuri. Alinipa mkono kwenye mstari wa wakufunzi. "Nasikia wewe ndiye uliyemlea binti yangu hapa," alisema. "Sura yako si ngeni. Tumewahi kufanya kazi pamoja?"

"Kidogo tu, afande," nilisema. Aliyekanyaga husahau. Aliyekanyagwa ndiye mwenye mguu unaouma kila mvua ikikaribia.

Nilikuwa nimealika watu wawili. Dereva alikuwa amestaafu miezi mitatu nyuma, na sikumpa nafasi hata ya kuzoea suruali za kiraia. Yeye ndiye niliyemtuma kwa shangazi, maana mimi mlango ule haunifungukii. Alimwambia, "Mama, twende ukasikie mwanao alivyokufa." Shangazi alikuja. Aliketi safu ya tatu, mdogo kuliko nilivyomwacha, mkoba magotini, akitazama kila kitu isipokuwa mimi.

Desturi yetu ni kwamba kuruta bora anawaonyesha wageni jinsi ya kumhudumia majeruhi, akieleza kwa kipaza sauti, na mwisho anamwuliza mgeni rasmi swali moja. Maelezo nilimwandikia mimi. Kumi na Nne alipiga magoti kando ya machela, sauti yake ikatoka safi uwanja mzima. Alieleza alama ya paji, wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha akaanza kisa. Msafara. Daktari. Sindano ya paja. Kalamu.

Nilikuwa namtazama brigedia. Kwanza alitabasamu kama baba yeyote. Kwenye neno "paja" tabasamu lilibaki lakini macho yakaondoka. Kwenye "mkoba" alishika kofia yake.

"Afande mgeni rasmi," alisema Kumi na Nne, "kwa maoni yako, nani alimuua askari huyu?"

Brigedia akakohoa. "Muuguzi," alisema. "Muuguzi alipaswa kuuliza."

"Kwa heshima, afande, hapana," alisema binti yake, na wageni wakacheka kidogo kwa mapenzi, baba na mtoto wanabishana. "Muuguzi alisoma alichoandikiwa. Daktari angeweza kusahau, kusahau ni ubinadamu. Lakini huyu alijua, akanyamaza, akaacha mwenzake aadhibiwe. Tumefundishwa hapa kwamba mtu huyo aliua mara mbili."

Ndipo brigedia akageuka kunitafuta. Akanikuta nipo hatua tano kutoka kwake, nimesimama wima, na akanijua. Niliona uso wake ukinijua. Utamu wake sitausahau mpaka naingia kaburini, na mwenye kunung'unika anung'unike.

Nikachukua kipaza sauti. "Wageni wetu," nilisema, "kisa hiki hakikubuniwa. Muuguzi ni mimi. Askari alikuwa binamu yangu, na mama yake yuko hapa. Daktari pia yuko hapa. Kuna mtu aliyekuwa garini."

Dereva alisimama. Alisema yote, tarehe, mguu, paja, kalamu chini ya kiti, na alipomaliza alimnyooshea kidole mwenye mvi zilizochanwa, akaketi.

Kumi na Nne, kipaza sauti chake kidogo kikiwa bado wazi kwenye kola, alisema, "Baba?"

Uwanja wote ulilisikia. Brigedia alivaa kofia, akashuka jukwaani, akatembea kuelekea kwenye gari lake bila kumtazama mtoto wala mtu. Maofisa wawili walimfuata, na safari hii hawakumfuata kwa kumsindikiza. Bodi mpya iliitishwa wiki ile ile, lakini kwangu mimi bodi ilishakaa na kumaliza.

Nilifurahi. Nikashuka kumtafuta shangazi. Safu ya tatu kiti kilikuwa kitupu. Nikazunguka nyuma ya jukwaa, nikijua kabisa atakachosema, maana nilikuwa nimemsemea maneno yake kila siku kwa miaka kumi na moja: mwanangu, rudi nyumbani.

Nilimkuta ameketi chini kwenye nyasi. Kumi na Nne alikuwa amejikunja kando ya sanduku la bendeji, na shangazi alikuwa amemkumbatia kichwa kifuani, vile vile alivyonikumbatia mimi nilipokuwa na miaka tisa. Alikuwa akimpangusa rangi nyekundu viganjani kwa ncha ya kitambaa chake. Aliinua macho akaniona.

"Nilikuita muuaji bure," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Nilikosa, na nitakuomba radhi mpaka nife."

Nikapiga hatua kwenda kwake. Akainua mkono kunizuia.

"Lakini huyu alikukosea nini?"

"Shangazi, baba yake..."

"Baba yake nimemsikia. Nakuuliza huyu. Kijiti angekuwa hai angekuuliza hivyo hivyo." Alimtazama msichana, kisha mimi. "Muombe radhi. Kisha twende nyumbani, wote watatu kama anataka."

Niliombwa jambo dogo, neno moja tu, na nyumba yangu ingefunguka. Kumi na Nne aliinua uso. Alikuwa ameuma mdomo mpaka umevimba. Alinitazama kama anavyonitazama kila jioni, akingoja nimwambie alipokosea ili arekebishe.

Nikafungua kinywa. Nililitafuta lile neno, naapa nililitafuta. Lakini miaka kumi na moja nilikuwa nikijifunza kudai radhi, sikujifunza kuiomba, na kilichotoka ni kile ambacho kinywa changu kilikuwa kimezoea.

"Kuruta," nilisema. "Simama."

Akajitoa mikononi mwa shangazi, akasimama. Visigino pamoja, macho mbele, machozi yakishuka mpaka kwenye kola.

"Ndiyo, afande," alisema.